Mkalishe dereva kabla ya kukata bomba

Siku tulipogundua kosa letu, gari letu la Formula Student, mashindano ya wanafunzi wa vyuo wanaojiundia gari la mbio, lilikuwa limeshasimama kwa magurudumu yake manne kwenye karakana yetu, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilichukua uzi mweusi wa cherehani, nikaufunga juu ya upinde mkuu wa chuma, ule ulio nyuma ya kichwa cha dereva, nikauvuta hadi juu ya upinde wa mbele. Dereva wetu mrefu kuliko wote akaketi, akafunga mikanda, akavaa helmeti. Sheria za Formula Student zinataka nafasi ya milimita 50 kati ya helmeti na uzi huo. Helmeti iliuinua uzi.

Tulinyamaza wote. Kisha kijana wetu wa kuchomelea akauliza polepole, “Papa, tunakata?”

Tulikata. Huwezi kurefusha upinde mkuu kwa kuunga kipande, kwani sheria inadai uwe bomba moja la chuma, lisilokatwa wala kuunganishwa. Mjini kwetu wachomeleaji hodari hawakosekani, migodi imewalea, lakini hapo ufundi wao hauokoi kitu. Bomba jipya lilitupotezea wiki nyingi, maana lile la kipenyo cha milimita 25 lenye unene wa 2.5 si la kuokota sokoni. Mabomba ya viti na madirisha ni membamba. Nenda na kalipa yako, kile kifaa cha kupimia unene, upime mbele ya muuzaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayechora gari la kwanza, anza na mtu. Mkalishe dereva mrefu sakafuni, mgongo ukiegemea ubao, helmeti kichwani, miguu ikikanyaga matofali mahali pa pedali. Pima, ndipo uchore chuma kumzunguka. Sisi tulianza na injini ya pikipiki kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo, dereva tukamwachia nafasi iliyobaki. Na mtu huyo lazima aweze kutoka garini ndani ya sekunde 5!

Sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, sisi tunafanya kazi kwa Kiswahili na Kifaransa. Tulikaa jioni kadhaa tukizitafsiri sentensi kwa sentensi, “lazima” kwa kalamu nyekundu, “inashauriwa” kwa ya buluu. Jioni zile zimetufaa kuliko mashine yoyote tuliyonunua. Umbali kati ya ekseli usipungue milimita 1,525, injini isizidi sentimita za ujazo 710: haya ni mepesi, unayapima mara moja, basi.

Hewa ndiyo ngumu. Kwa sheria hizo, injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) inavuta hewa yake yote kupitia tundu moja la milimita 20, lililowekwa kati ya mlango wa hewa, ule unaofunguliwa na pedali ya mafuta, na injini. Tulipoliziba tundu hilo kwa kipande cha mpira, injini ilipaswa kuzima. Ikaendelea kunguruma. Tulipaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, tukaona mapovu yakinyonywa ndani penye gasketi moja iliyokatwa vibaya. Tuliikata nyingine, na mara hii ilizima palepale.

Sasa tuko kwenye breki. Sheria inataka saketi mbili za mafuta zinazojitegemea, na magurudumu yote manne yafunge kwa pamoja. Ya mbele yanafunga. Jumamosi tunatoa hewa tena kwenye saketi ya nyuma.