Nimepona TB, mbona bado nahema? Maswali yenu kutoka Chunya hadi Mafinga

Maswali ya safari hii yametoka sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na mengi yanagusa jambo moja: mtu aliambukizwa kijidudu, akatibiwa au hakutibiwa, na sasa anaishi na tatizo lisiloisha. Kazi yangu ni maabara ya vijidudu hapa Mbeya, na kila siku naona jinsi ugonjwa wa kuambukiza unavyogeuka kuwa ugonjwa wa kudumu. Majina yenu nimeyaacha kwa makusudi.

Mchimbaji, Chunya: *Nilimaliza dozi ya TB miezi sita, sikuruka hata siku moja. Makohozi yakapimwa, nikaambiwa nimepona. Lakini nikibeba mfuko wa mawe nahema na kifua kinabana. Rafiki yangu ananishauri nianze dozi upya. Nifanye nini?*

Pole ndugu yangu, na hongera kwa kumaliza dozi. Usianze dawa upya kwa ushauri wa rafiki. Dawa za TB zinaua bakteria, lakini haziwezi kurudisha pafu lililokwisha kuharibika. Bakteria huyu hukaa kifuani miezi mingi kabla ya kugunduliwa, na mwili unapopambana naye hubaki mashimo, makovu na mirija ya hewa iliyotanuka au kuziba. Umepona kweli TB, na kifua chako kimeumia kweli. Yote mawili ni sahihi.

Hali kama yako imefanyiwa utafiti mkubwa uitwao TB Sequel. Kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) cha hapa Mbeya kimeufanya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, pamoja na vituo vya Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini. Wagonjwa hufuatiliwa tangu wanapoanza dawa hadi muda mrefu baada ya kupona, wanapuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, na wanaulizwa pia kuhusu kazi na kipato. Kwa miaka mingi faili la mgonjwa lilifungwa siku alipomeza kidonge cha mwisho. Tulihesabu waliopona, hatukuuliza kama wanaweza kurudi machimboni au shambani. Naona hilo ni pengo kubwa katika huduma zetu, na watu kama wewe ndio wanaolipia.

Kuna jambo moja la maabara nataka ulishike. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya bakteria. Ndani ya saa mbili hivi inakuambia kama wapo na kama ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Lakini haitofautishi bakteria hai na aliyekufa, kwa hiyo mtu aliyetibiwa karibuni anaweza kupata majibu chanya kwa sababu ya mabaki tu. Kikohozi kikirudi, au ukianza kukonda na kutoka jasho usiku, sema wazi kwamba uliwahi kutibiwa na uulize kama makohozi yako yanaweza kuoteshwa, yaani bakteria aliyemo akuzwe maabara. Bakteria wa TB hugawanyika karibu mara moja tu kwa siku, ndiyo maana majibu ya kuotesha huchukua wiki kadhaa. Akiota, ujue yupo hai.

Kwa sasa nenda hospitali upigwe picha ya kifua na kupimwa pumzi. Na kazi yako lazima tuiseme: vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha lina silika, ambayo huharibu pafu na kumfanya mtu apate TB kwa urahisi zaidi. Mwagieni maji mawe kabla ya kuyapasua. Kama unavuta sigara, iache leo.

Mama lishe, Mafinga: *Ni kweli vidonda vya tumbo vinaambukiza? Mimi niliambiwa ni mawazo na pilipili.*

Vingi vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye huambukizwa kati ya mtu na mtu, mara nyingi utotoni na ndani ya familia. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, ndio waliomgundua, na mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao ili kuthibitisha, akaugua tumbo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazomezwa ovyo. Pilipili inaweza kuchokoza kidonda, lakini si yenyewe inayokileta. Omba kipimo cha kinyesi, na umweleze daktari kama unatumia omeprazo, kwa sababu inapaswa kusimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo bakteria anaweza asionekane.

Mama, Mbozi: *Shikamoo daktari. Kijana wetu wa miaka 19 alianza kuanguka kifafa mwaka jana. Ukoo wetu hauna kifafa. Shemeji zangu wanasema karogwa. Hospitali wamesema ni minyoo ya nguruwe kichwani, lakini sisi ni Wasabato, nguruwe hatuli kabisa. Wamekosea?*

Marahaba mama. Inawezekana kabisa hawajakosea, na nakuomba usome jibu hili taratibu, kisha uwasomee na hao shemeji zako.

Mnyoo huyu anaitwa tegu wa nguruwe, na ana njia mbili za kumwingia binadamu. Ya kwanza ni kula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo ambayo haikuiva. Mlaji anapata mnyoo mrefu tumboni. Hatapata kifafa kwa kula nyama hiyo, na pengine hatajua hata kama ana mnyoo, lakini kila aendapo haja anatoa mayai kwa maelfu. Njia ya pili ni kumeza hayo mayai, kupitia mikono isiyonawa, mboga zilizomwagiliwa maji machafu, au maji ya kunywa. Mayai yakifika tumboni yanatoa viluwiluwi vinavyosafiri kwa damu hadi kwenye misuli na ubongo, na huko vinajijengea vifuko. Kwa hiyo anayeumia kichwa si lazima awe mla nguruwe. Anaweza kuwa jirani yake, mtoto wake, au mtu aliyenunua chakula kwa mpishi mwenye mnyoo. Msabato na Mwislamu wanapata kama wengine.

Vifuko hivyo vinaweza kukaa kimya miaka. Mara nyingi degedege huanza pale kifuko kinapoanza kufa na ubongo unaokizunguka kuvimba, ndiyo maana kijana mzima anaanguka ghafla bila kuwa na historia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi ambako ugonjwa huu umeenea, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana na tegu huyu. Ni kifafa kinachoweza kuzuiwa, na kwa mikoa yetu inayofuga nguruwe wengi, kukiita uchawi ni kuwanyima watoto wetu tiba.

Wafanyabiashara wa nguruwe wanaujua ugonjwa huu siku nyingi. Utawaona wamemlaza nguruwe chali, fimbo mdomoni, mmoja anavuta ulimi na kupapasa chini yake kutafuta vivimbe vidogo kama njegere. Nguruwe mwenye vivimbe hanunuliwi, au ananunuliwa kwa bei ya kutupa na kuchinjwa kichochoroni pasipo mkaguzi. Hiyo nyama ya kichochoroni ndiyo inayonitia hofu. Na kumbuka, nguruwe ameupata kwa kula kinyesi cha binadamu. Nguruwe akifungiwa bandani na kila nyumba ikawa na choo kinachotumika, mnyoo huyu hana pa kwenda.

Sasa kijana wako. Asiache dawa za kifafa hata akikaa miezi bila kuanguka, mpaka daktari aseme. Msinunue dawa ya minyoo dukani kumtibu kichwa: dawa inayoua vifuko kwa mkupuo bila kudhibiti uvimbe inaweza kumletea degedege kali zaidi. Anahitaji picha ya CT, na kama kuna vifuko hai daktari atampa dawa pamoja na ya kupunguza uvimbe, akiwa chini ya uangalizi. Ombeni pia watu wa nyumbani wapimwe kinyesi, maana mwenye mnyoo anaweza kuwa karibu.

Na siku akianguka, mgeuzeni alale ubavu, ondoeni jiko na vitu vya ncha, msimtie kijiko mdomoni. Povu lake haliambukizi kifafa. Nimeona vijana walioungua vibaya kwa moto kwa sababu kila aliyekuwapo aliogopa kuwagusa.

Mkulima wa mpunga, Kyela: *Ndaga kwa kazi yako. Huku wanasema mwenye matende anapata Ukimwi. Ina maana mbu anaambukiza Ukimwi?*

Hapana, mbu hueneza minyoo ya matende, lakini haambukizi VVU. Maneno hayo yametokana na utafiti wa kweli uliofika mtaani ukiwa umepinda. Watafiti wa NIMR Mbeya na wenzao wa Munich waliwafuatilia watu wa huko kwenu Kyela kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet: wenye minyoo ya matende mwilini walipata VVU kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wasio nayo. VVU waliipata kwa njia zilezile tunazozijua. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba mnyoo anayeishi mwilini kwa miaka anaziweka seli za kinga katika hali ya kuamka muda wote, na seli za namna hiyo ndizo VVU huzivamia kwa urahisi.

Kwangu huu ni miongoni mwa utafiti muhimu kuwahi kutoka ukanda wetu, kwa sababu VVU inatuelemea: utafiti wa taifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima wakiwa na VVU. Kwa hiyo wagawa dawa wa kijiji wakija na kingatiba ya matende, meza, hata kama mguu wako ni mzima. Wengi wenye minyoo hawajavimba popote.

Mzazi, Uyole: *Watafiti walipita mtaani wakataka damu. Wanaipeleka wapi? Tunasikia inauzwa.*

Mzazi mwenzangu, una haki ya kuuliza, na mtafiti anayekasirikia swali hili hafai kuja mlangoni kwako. Utafiti wa afya unaohusisha binadamu nchini lazima upate kibali cha maadili, na ukiwa wa majaribio ya dawa au chanjo, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nayo lazima iridhie. Sampuli haivuki mpaka bila mkataba maalumu unaosema inakwenda kufanya nini. Wewe unapewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, unabaki na nakala, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza haki ya kutibiwa.

Waulize mambo haya: kibali kiko wapi, ni kiasi gani cha damu, nitapewa majibu yangu, na nani atarudi kutueleza mlichogundua? Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Wapo watafiti wanaochukua sampuli, wanaandika makala, na kijiji hakiwaoni tena. Uvumi wa kuuza damu unaota hapo hapo, na mkutano mmoja wa kijiji wa kurudisha majibu ungeumaliza.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Iringa: *Kamwene. Nataka kuwa mtafiti wa vijidudu. Nisome nini?*

Kamwene. Chukua PCB (fizikia, kemia na biolojia), kisha mikrobiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au sayansi ya maabara za tiba MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Njia ya diploma ya maabara nayo ni nzuri, wengi wanaonizidi kwa mikono walianzia huko. Jitahidi na hesabu, utazihitaji kuliko unavyodhani.

Dada, Mwanjelwa: *Nina UTI sugu. Nimechoma sindano, nimekunywa dawa za kila aina, inarudi. Kuna dawa gani mpya?*

Dada yangu, kabla ya dawa mpya ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nataka kujua: mkojo wako umewahi kuoteshwa? Wengi wanaoambiwa UTI sugu hawajawahi. Wamepimwa kwa kijiti, wakapewa dawa, wakarudi, wakapewa nyingine. Pengine si UTI. Pengine ni fangasi, maambukizi ya zinaa au sukari ambayo haijagundulika.

Kuotesha kunafanyika hivi. Tone la mkojo linapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kulazwa kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi, kama kuna E. coli, bakteria anayeongoza kuleta UTI, unaona vidoa vya waridi vimejaa. Tunachukua kimoja, tunakipaka kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Kesho yake dawa inayofaa imezungukwa na duara safi, na iliyoshindwa imezingirwa na bakteria mpaka ukingoni. Duara hilo ndilo linalosema utumie nini.

Ili majibu yawe ya kweli, njoo kabla hujameza antibayotiki yoyote. Nawa, mwaga mkojo wa mwanzo chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo ulichopewa maabara, na ukifikishe ndani ya saa mbili. Lakini ukiwa na homa kali, maumivu ya ubavuni au ujauzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sampuli itachukuliwa huko na dawa utaanza wakati majibu yanasubiriwa.