Kuja Unguja mara ya kwanza

Dada, umeuliza uepuke nini, maana unatoka Dodoma na utafikia Mji Mkongwe. Karibu sana.

Tiketi ya boti kata dirishani pa kampuni yenyewe pale bandarini Dar, usimpe pesa kijana anayekufuata na begi lako. Ukishuka Malindi utawakuta wachukuzi na papasi, yaani vijana wanaowaganda wageni wakitafuta kamisheni. Mzigo ukishanyanyuliwa umeshakubali, kwa hiyo bei isemwe ungali umeushika mwenyewe.

Vichochoro visikutishe. Ramani ya simu humo hubabaika, bora uulize wazee waliokaa barazani, ila salamu kwanza! Ukikurupuka na "Forodhani wapi?" utajibiwa, lakini kwa mkato. Na hapo Forodhani, bustani ya ufukweni panapouzwa vyakula usiku, muulize muuzaji bei ya kila mshikaki kabla haujarudi jikoni kupashwa moto. Pweza aliyelala mezani tangu magharibi mimi simgusi, nanunua urojo, ule mchuzi mzito wenye viazi na bajia.

Mavazi unayajua: kanga moja begani yatosha mjini. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, usipange manunuzi ya sokoni Darajani saa hizo. Ikiwa ni Ramadhani, mchana usile wala kunywa barabarani.