Mama kupata bakteria kwenye damu akiwa wodini

Pole sana, dada. Unauliza kama mama, aliyelazwa kwa upasuaji wa utumbo akapandwa na homa siku ya sita, atapona, na nani wa kulaumiwa. La lawama liweke pembeni kwanza.

Maambukizi yanayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitalini, na mara nyingi hupitia kwenye mipira: ya dripu, hasa ule wa mshipa mkubwa wa shingoni, na wa mkojo. Basi muulize daktari kila siku: mpira huu bado una kazi? Kama hauna, utolewe leo.

Kisha uliza jina la bakteria. Damu huoteshwa maabara, na mara nyingi dalili za bakteria kuota huonekana ndani ya siku moja au mbili, halafu hupimwa ni dawa gani inayomuua bakteria huyo. Dawa sahihi ikichelewa, hatari ya kifo hupanda. Bakteria akiwa ni yule aitwaye stafilokokasi aureasi, anayeweza kushambulia moyo, usishangae moyo ukipimwa kwa ultrasaundi na sindano zikiendelea wiki mbili au zaidi hata homa ikishashuka. Msikatishe.

Sitakuahidi kupona, umri, figo na kisukari vina uzito wake. Ila akichanganyikiwa, akihema haraka au mkojo ukipungua, mwite nesi papo hapo, usingoje raundi. Na kila anayemgusa anawe mikono, wewe pia. Hata daktari mkumbushe, wala usione haya.