Jibu: Trauti wa Thiba kumkataa nzi anayeelea

Mkuu, umeuliza mbona trauti (samaki wa maji baridi) wa Mto Thiba, kule Kirinyaga, Kenya, wanapita chini ya nzi wako bandia, yaani chambo chenye umbo la mdudu kinachoelea juu ya maji, bila hata kumgusa. Chakula chao kingi kiko chini, si juu. Ingia majini ugeuze jiwe: utaona mabuu bapa ya wadudu yenye mikia mitatu yameng'ang'ania ubavuni, na mengine yamejijengea vijumba vya mchanga. Funga chambo cha kahawia chenye uzito kidogo wa kukizamisha, ukubwa uleule wa mabuu hayo. Kirushe upande wa juu wa mkondo, kisha kiache kisafiri na maji. Mshipi ukikikokota tu, samaki anageuka. Rangi watu wanaihangaikia bure, nionavyo mimi. Mvua ikinyesha mlimani na mto ukawa kama chai ya maziwa, usijisumbue siku hiyo.