Kupima ufanisi wa zahanati kwa hesabu: niliyokutana nayo

Mkuu, umeuliza kama kuna hesabu ya haki ya kulinganisha zahanati 24 za halmashauri yenu, maana nyingine zina watumishi wengi na nyingine zinalemewa na wagonjwa. Ipo, inaitwa Data Envelopment Analysis (DEA). Waliiandika Charnes, Cooper na Rhodes wa Marekani mwaka 1978, juu ya msingi alioweka Farrell mwaka 1957.

Chukua zahanati mbili. Moja ina watumishi 4 na wagonjwa 8,000 kwa mwaka. Nyingine watumishi 6, wagonjwa 6,000. Mtumishi mmoja kule anahudumia 2,000, huku 1,000. Basi ya kwanza, iliyo bora, inapata 1, na ya pili inapata 0.5. Ukiongeza chanjo, wanaojifungua na fedha za dawa, modeli inaiachia kila zahanati ichague uzito wa kila kigezo unaoipendelea yenyewe, ila kwa uzito huohuo asipatikane yeyote wa kuzidi 1. Ndiyo maana naipenda: anayeshindwa ameshindwa kwa mizani aliyojichagulia. Solver, zana ya Excel ya kutafuta jibu bora, inatosha, unaiendesha mara moja kwa kila zahanati.

Sasa sikia yaliyonikuta. Zahanati moja ng'ambo ya mto ilipata 0.41, na barua ya onyo kwa muuguzi wake ilishachapwa. Niliomba siku mbili. Kazi yake kubwa ilikuwa chanjo, na kwenye chanjo alilinganishwa na kinara mmoja, yaani zahanati iliyopata 1. Nikafungua vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma za afya) vya huyo kinara: kitabuni watoto 114, kwenye kompyuta 1,140. Sifuri moja tu! Kipimo hiki huwekwa na waliofanya vizuri kuliko wote, kwa hiyo kosa la kinara linamshusha kila anayepimwa naye. Tuliporekebisha, yule muuguzi akapanda hadi 0.87. Pengo lililobaki nililielewa masika nilipofika pale: nusu ya vijiji vyake viko upande wa pili, na mto ukijaa hakuna mama anayevuka na mtoto mgongoni. Barua ile ilichanwa.

Kwa hiyo alama zikitoka, wa kwanza kukaguliwa wawe waliopata 1, kitabu kwa kitabu. Usirundike vigezo pia: kwa zahanati 24, rasilimali na huduma kwa pamoja zisizidi 8, la sivyo karibu kila moja itapata 1. Kama zinatofautiana sana kwa ukubwa, tumia modeli ya 1984 ya Banker na wenzake, inayolinganisha wadogo na wadogo.

Nitumie jedwali lako nilipitie, majina ya watumishi yatoe kwanza.