Usiiguse dbus ukiwa umeikalia

Ndugu wa Mbale, ngoja! Usibonyeze kitu. Umesema kila apdeti ya Ubuntu ikiisha, needrestart (programu inayokagua nini kianzishwe upya baada ya apdeti) inakuletea orodha ya huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, ukazitia alama zote, skrini ikawa nyeusi. Sasa unataka kuandika mwenyewe `sudo systemctl restart dbus`, yaani kuanzisha upya dbus, huduma inayopitisha ujumbe kati ya programu, ili "mambo yakae sawa". Amri hiyohiyo ndiyo iliyoniponza mimi.

Ninafanya usanifu Nasser Road, hapa Kampala. Mabango na kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ndizo zinazonilisha. Ijumaa moja nilikuwa na bango wazi kwenye GIMP, programu ya picha, tangu asubuhi, na kwenye teminali pembeni apt, programu ya kusakinisha, ilikuwa inaweka apdeti. Mtandao ukaanza kukatika-katika. Fundi mmoja alikuwa ameniapia kwamba Linux haizimwi kamwe, kitu kikisumbua unaanzisha upya huduma zake na maisha yanaendelea. Nikaandika ile amri, apt haijamaliza.

Banange! Skrini ilikufa palepale. GIMP iliondoka na kazi ya saa 6 ambayo sikuwa nimeihifadhi, na teminali iliyobeba apt ikaondoka nayo. Hilo la pili ndilo lililonimaliza. Vifurushi vingine vilikuwa vimefunguliwa lakini havijasanidiwa, na mimi kwa hofu nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka taa ikafa. Nilipowasha tena, mashine haikufika hata pale pa kuandika nywila. Nilihangaika nayo siku mbili. Jumamosi mteja alikuja, akadai arbuni yake ya shilingi 150,000, akavuka barabara kwa jirani. Yeye simlaumu hata kidogo.

Namlaumu fundi, na kila anayewapa watu ushauri ule bila kuwaambia kinachotokea ndani. Dbus ni njia ambayo programu za desktopu hupitishiana ujumbe. Ukiianzisha upya, miunganisho yote inakatika kwa pamoja, na programu nyingi zimeundwa kujifunga zikiona njia hiyo imekatika. GNOME, yaani desktopu yenyewe, na gdm, ile skrini ya kuingilia, zinaitegemea. Hata logind, inayoikabidhi desktopu kibodi, kipanya na kadi ya picha, inawasiliana kupitia hapohapo. Ndiyo maana waliotengeneza dbus wenyewe hawakubali ianzishwe upya mashine ikiwa inatumika. Wanataka uwashe upya kompyuta nzima.

Angalia tena orodha yako ya needrestart. Dbus, gdm, logind na NetworkManager (inayosimamia mtandao) huja bila alama kwa sababu waliopanga programu hiyo wanajua zinaangusha nini. Wewe ndiye uliyezitia alama! Ziache kama zilivyo. Huduma kama cups ya printa anzisha upya utakavyo, hata mara 10 kwa siku, hakuna kitakachoanguka. Lakini ile ambayo desktopu yako imesimama juu yake, usiiguse: hifadhi kazi, acha apt imalize, kisha `sudo reboot`. Kwenye Ubuntu, faili `/var/run/reboot-required` ikiwepo, mashine yenyewe imeshakuomba hivyo. Ni dakika mbili tu, ndugu yangu. Mimi nililipa siku mbili na mteja.

Na kama unasoma haya kwenye simu, skrini ya kompyuta imeshakuwa nyeusi, mkono usiende kwenye kitufe cha kuzimia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, andika `sudo dpkg --configure -a` ili vifurushi vilivyoachwa nusu visanidiwe, ungoje mpaka imalize yote, hata kama inaonekana imekwama. Halafu `sudo apt -f install`. Ndipo uwashe upya. Ikikuletea kosa lolote, andika hapa maneno yake yote kama yalivyo, nitakuwa macho usiku huu.