Simu Imenifundisha Udi, Mbona Wazee Wananicheka?

*Assalamu alaykum. Mwaka wa pili huu najifunza kupiga udi kwa video za simu. Chumbani mambo mazuri, lakini nilipokwenda kupiga na kikundi mtaani wakaniambia natoka nje ya sauti. Simu inaonesha nyuzi zimekaa sawa. Kosa langu lipi? (Kijana wa Mwanakwerekwe)*

Waalaykumu salaam. Nyuzi hazina kosa, mwanangu, kosa liko kidoleni. Hizo programu za kulinganishia nyuzi, nyingi zinatambua sauti 12 basi, zile za piano. Taarab asilia imebeba maqamu za Kiarabu, yaani ngazi zao za sauti, na ndani ya zile ziitwazo Rast na Bayati mna sauti inayokaa katikati ya sauti mbili za piano. Ukiifuata simu utaipandisha au utaishusha, na wenzako wameiacha palepale katikati. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ana vijichuma vya kugeuza sauti kwa kidole. Wewe shingo ya udi ni tupu, haina hata vile vyuma vya gitaa.

Ukishalinganisha nyuzi, zima simu. Kaa ubavuni mwa mpiga fidla, si kule mlangoni wanakojibanza wageni. Itafute hiyo sauti moja tu, polepole, ukisogeza kidole upana wa punje ya mchele, mpaka yako na yake zisikike kitu kimoja. Mimi ilinichukua msimu mzima wa kusi, na nilichekwa zaidi yako.

Ukitaka darasa, Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha udi, kanuni, fidla na ngoma hapa Unguja tangu 2002. Klabu kongwe nazo, Nadi Ikhwan Safaa ya 1905 na Culture Musical Club ya 1958, ni skuli kwa mwenye subira ya kusikiliza kabla ya kushika chombo.

*Bila kujua nota naweza kuwa mwanamuziki? (Msichana wa Jang'ombe)*

Unaweza. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, hakusoma nota, na 1928 alikwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Ila zikikujia, zisome. Zitakurahisishia kupiga na wageni.

*Nataka kurikodi kibati, ngoma ya kwetu Pemba, nikitie mtandaoni. Wazee wananikatalia, wanasema vijana tunachukua tu. Nifanyeje? (Kijana wa Chake Chake)*

Hapo wazee nawaunga mkono kidogo. Kibati maneno yake hutungwa papo hapo, kwa kasi, na mara nyingi yanamchoma mtu anayejulikana mtaani. Kikikatwa vipande vya nusu dakika, mzaha unageuka tusi. Nenda mara mbili tatu bila kutoa simu, uitikie nao. Halafu omba. Ukisharikodi, warudishie waone kwanza, na atakayesema "hapo pangu toa", patoe. Majina yao yaandike. Wengi wanachokasirikia ni hicho, kuona sura yao mtandaoni chini ya jina la mtu mwengine.

*Binti yangu wa miaka 16 amejifunza kuchora maua ya piko mwilini kwa video na sasa anaitwa maharusini. Nimwache? (Mama wa Wete)*

Mwache, dada yangu, mkono wa kuchora ni riziki. Kitazame kile kibakuli chake tu. Piko nyeusi nyingi ni rangi ya kupaka nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na ngozi nyengine huvimba na kutoa malengelenge. Watoto asiwapake kabisa. Hina ya majani matupu haitoki nyeusi tii kwa saa moja. Akiuziwa ya namna hiyo ikaitwa "hina asili", airudishe dukani.